MTANDE NA MSHINDIO: MAELEZO JUU YA KUFUMA KWA KUBUNI PAPO KWA PAPO KATIKA KITANDA CHA MAKANYAGIO

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuwa nchi ya wafumi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule zilipelekwa hata Misri. Huko Kilwa, Neville Chittick alipochimba magofu katika miaka ya 1960, alivumbua vigurudumu vingi vya udongo vilivyotumika zamani katika kusokota uzi wa pamba. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1830, merikebu za Marekani zilianza kuleta Unguja shehena za kitambaa kilichokuja kuitwa merikani. Kitambaa cha mashine kikawa rahisi kuliko cha mkono, na vitanda vya wafumi vikaondoka kimoja kimoja katika sehemu kubwa ya pwani, ingawa katika miji ya Benadir kazi hiyo iliendelea hata karne ya 20.

Kazi ilipoondoka, maneno yake hayakuondoka yote. Kamusi zimehifadhi mfumi, yaani mtu afumaye. Kitanda cha mfumi, yaani chombo anachofumia. Mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu. Na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana. Leo maneno haya husomwa zaidi kuliko kusemwa. Hata hivyo yamebeba ndani yake elimu ambayo haijachakaa. Makala haya yanakusudia kuionyesha elimu hiyo kwa kueleza namna moja ya kufuma ambayo imepata wafuasi wengi katika nchi mbalimbali tangu nusu ya pili ya karne ya 20.

Namna hiyo ni kufuma kwa kubuni papo kwa papo. Mfumi hafuati kielelezo kilichochorwa kabla, bali huamua uzi, rangi na umbo la nguo wakati uleule anapofuma. Wako wanaoisifu kazi hii kuwa ni uhuru usio na sheria, na wako wanaoibeza kwa sababu hiyohiyo, wakisema kwamba ni kazi ya ovyo. Makundi haya mawili yanagombana, lakini msingi wa hoja zao ni mmoja, nao si sahihi. Kubuni papo kwa papo hakuwezekani mahali ambapo hakuna kilichokwisha kufungwa. Jambo hili hudhihirika mara tu tunapotazama kwa makini ni kitu gani katika kitanda kilicho mtande na ni kitu gani kilicho mshindio.

Maana ya maneno

Kwanza yafaa kutenga vitenzi vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa: kusuka, kufuma na kudarizi. Asukaye ukili wa mkeka hushika chane za ukindu zilizo sawa kwa cheo. Chane iliyo juu sasa itapita chini baadaye, na hakuna hata moja iliyowekwa itulie ili kungoja nyenzake. Afumaye ana makundi mawili ya nyuzi yasiyo sawa: kundi moja limefungwa na kukazwa, na kundi la pili ndilo linalosafiri. Adariziye, kama mshona kofia, hutia pambo katika kitambaa ambacho kimekwisha kuwa kitambaa. Pambo la kofia likiondolewa, kitambaa hubaki. Pambo la nguo iliyofumwa likiondolewa, hakuna kitakachobaki ila nyuzi, kwa kuwa pambo na nguo ni kitu kimoja. Ni kweli kwamba siku hizi kitenzi kufuma hutumika pia kwa fulana za sufu zinazotengenezwa kwa sindano mbili, lakini hapo maana ya neno imepanuliwa, maana fulana hiyo ni uzi mmoja unaojifunga vitanzi wenyewe kwa wenyewe.

Neno mtande limetokana na kitenzi kutanda. Jamaa zake ni wengi: kutandika, kutandaza, utando, mtandio, na mtandao. Kitanda nacho kimo katika jamaa hiyo, na si ajabu kwamba neno moja limetumika kwa chombo cha kulalia na kwa chombo cha kufumia, kwani kitanda cha kamba na kitanda cha mfumi ni viunzi vya miti vilivyotandwa nyuzi kwa mkazo. Kwa hiyo mtande ni kitu kilichonyoshwa, kikakazwa, kikatulizwa. Mshindio ni uzi unaopita katikati ya nyuzi hizo na kushindiliwa hata ugusane na ule uliotangulia. Kwa maneno hayo mawili, Kiswahili kimekwisha kugawa kazi yote ya mfumi katika sehemu mbili: iliyotulia na inayokwenda.

Kitanda na viungo vyake

Kitanda cha makanyagio ni kiunzi kikubwa cha mbao kinachosimama sakafuni, na mfumi huketi mbele yake juu ya bao. Upande wa nyuma pana mti wa kuviringia mtande, na upande wa mbele, karibu na kifua cha mfumi, pana mti wa kuviringia nguo iliyokwisha kufumwa. Miti hiyo ina vizuio vinavyoikataza kuzunguka, na hivyo mtande hukaa umekazwa daima kati yake.

Katikati ya kitanda zinaning'inia fremu zenye vitanzi vingi vya uzi au vya waya. Kila uzi wa mtande umepitishwa katika tundu la kitanzi kimoja, na kila fremu imeunganishwa na kanyagio lililo chini, kwenye miguu ya mfumi. Kanyagio likikanyagwa, baadhi ya nyuzi za mtande hutengana na nyingine, na mwanya hufunguka. Mfumi hupitisha katika mwanya huo kijiti chenye uzi wa mshindio, ambacho aghalabu huchongwa mfano wa mtumbwi mdogo. Kisha huvuta chanuo, yaani kitana kirefu ambacho kila mwanya kati ya meno yake umepita uzi wa mtande, na kuugonga mshindio mahali pake. Kukanyaga, kupitisha, kugonga: matendo haya matatu hurudiwa maelfu ya mara, na ndiyo kazi yote.

Wafumi wa Mogadishu walipata faida hiyohiyo kwa njia nyingine. Wao huketi ukingoni mwa shimo, mtande umenyoshwa mbele yao karibu na ardhi, na makanyagio yamo shimoni chini ya miguu. Katika vitanda vyote viwili jambo kubwa ni kwamba kufungua mwanya ni kazi ya miguu. Mikono hubaki huru kuchagua uzi, na macho hubaki huru kutazama nguo. Katika vitanda visivyo na makanyagio mfumi hulazimika kufungua mwanya kwa mkono kila mara, na aghalabu hawezi kwenda kwa mwendo wa kutosha kufanya uamuzi ufuatane na uamuzi kama neno linavyofuatana na neno katika mazungumzo.

Mambo yanayofungwa kabla ya kuanza

Mfumi anayebuni papo kwa papo hajiwekei kielelezo, lakini kabla ya kupitisha uzi wa kwanza wa mshindio amekwisha kuamua mambo matano ambayo ni taabu kubwa kuyageuza baadaye: idadi ya nyuzi za mtande, upana wake, urefu wake, ukaribu wake katika chanuo, na mpango wa kuzipitisha katika vitanzi. Tuseme anataka nguo ya upana wa sentimita 60, na katika kila sentimita aweke nyuzi 6. Itampasa kuandaa nyuzi 360 za urefu mmoja, kuziviringa nyuma ya kitanda kwa mkazo ulio sawa, kupitisha kila mmoja katika kitanzi chake, kisha kila mmoja tena katika chanuo. Kazi hiyo yaweza kumaliza siku nzima, na mwisho wake hakuna nguo hata kidogo. Pana mtande tu.

Uvivu katika hatua hii hauna dawa. Uzi mmoja uliolegea utalegea mpaka mwisho wa nguo. Nyuzi zikikaribiana mno, mshindio hautaonekana, na rangi zake zote zitamezwa na mtande. Zikiachana mno, mtande ndio utakaofunikwa. Anayetaka rangi za mshindio zitawale nguo hana budi kuliamua jambo hilo wakati nguo bado haipo.

Wafumi wa Asante, katika nchi ya Ghana, huonyesha kwa lugha yao uzito wa mtande. Kitanda chao ni chembamba, na nguo ya kente hutoka kama ukanda wenye upana wa sentimita 10 hivi. Kanda nyingi hushonwa pamoja mpaka ikapatikana nguo ya kuvaa. Mapambo yanayofanywa kwa mshindio yana majina yake, lakini jina la nguo nzima aghalabu hufuata mistari ya rangi iliyo katika mtande. Nguo yaweza kuitwa jina lake kabla mshindio haujapita.

Mambo yanayobaki huru

Baada ya kufungwa hayo matano, uhuru wa mfumi huanza, nao waweza kuhesabiwa. Kitanda chenye fremu mbili kina mianya miwili tu: nyuzi za kwanza, za tatu na za tano kuinuka, au za pili, za nne na za sita. Kitanda chenye fremu nne, ambacho kila fremu ina kanyagio lake, kina mianya 14 iliyo tofauti, kwa kuwa njia zote za kuinua au kutoinua fremu nne ni 16, na njia mbili, ile ya kuinua zote na ile ya kutoinua hata moja, hazifungui mwanya. Mfumi anayepitisha mishindio mitano tu ana mbele yake mifuatano 537,824 ya kukanyaga. Mpango wa vitanzi ulio rahisi kuliko yote, wa fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kisha kurudi ya kwanza, watosha kumpa nguo ya moja juu moja chini, na pia nguo ya mistari ya mshazari inayopanda kulia au kushoto kama miguu yake itakavyopenda. Katikati ya nguo aweza kugeuza mwendo wa miguu, na mshazari uliokuwa ukipanda kulia ukarudi kushoto, bila kugusa hata uzi mmoja wa mtande.

Uhuru wa pili uko katika mshindio wenyewe. Uzi waweza kuwa mnene au mwembamba, wa pamba, sufu au hariri, au hata vipande vya kanga kuukuu vilivyokatwa kama utepe. Uhuru wa tatu uko katika kugonga: chanuo likivutwa kwa nguvu, nguo hushikamana, likivutwa polepole, huwa nyepesi kama shashi. Uhuru wa nne ni kwamba mshindio haulazimiki kufika ukingoni. Nyuzi za rangi mbalimbali zaweza kugawana upana wa nguo, kila moja ikirudi mahali mfumi anapotaka, na hapo picha huanza kutokea.

Lakini kila uhuru una deni lake. Rangi mbili zikirudi siku zote kwenye uzi uleule wa mtande, nguo hupasuka mahali pale na kuacha ufa mrefu. Basi ama zishikane zinapokutana, ama mahali pa kurudia pasogezwe kidogo kila mara. Uzi mnene ukitumiwa upande mmoja tu, upande huo hupanda juu kuliko mwingine, na mfumi lazima aujazie upande wa pili. Mshindio ukilazwa umenyoka mno, kingo za nguo huvutwa ndani. Kwa hiyo hulazwa kama upinde kabla ya kugongwa. Uzi unaoruka nyuzi nyingi za mtande bila kushikwa utakwama katika kidole au kifungo. Hakuna mchoro unaomwambia mfumi mambo haya. Nguo yenyewe humwambia. Kubuni papo kwa papo, basi, ni kujibu swali linaloulizwa na kilichokwisha kufumwa, na asiyejua kusikia swali hawezi kutoa jibu.

Yapo maelezo mengine ya jambo hilo katika mafundisho ya Anni Albers, mfumi aliyejifunza katika chuo cha Bauhaus cha Ujerumani tangu mwaka 1922. Alihamia Marekani mwaka 1933, akafundisha katika Black Mountain College mpaka mwaka 1949, na mwaka 1965 akatoa kitabu chake kiitwacho On Weaving. Albers alishika sana neno kwamba mfumi sharti aanze kwa kuushika uzi wenyewe na kuujua tabia zake, kwani umbo la nguo hutokana na mabishano kati ya mkono na kitu kinachoshikwa. Mtu huyu aliyeheshimu sana sheria za kitanda ndiye pia aliyefuma vipande vya picha ambavyo ndani yake mshindio hutembea kwa uhuru mkubwa. Katika kazi yake mambo hayo mawili hayakugombana.

Nguo inayojificha

Kitanda kina jambo moja ambalo mchoraji hana. Nguo inapoendelea kufumwa huviringwa kwenye mti wa mbele, na mfumi huona sehemu ndogo tu, labda shubiri moja au mbili. Mwanzo wa nguo umekwisha kufichika. Mchoraji hurudi nyuma hatua tatu akaitazama kazi yote. Mfumi hana nafasi hiyo mpaka siku ya kuikata nguo kutoka kitandani. Anayefuata kielelezo hapati dhiki, kwa kuwa karatasi inamkumbusha. Anayebuni papo kwa papo lazima aufume mwisho huku mwanzo akiushika kichwani.

Jambo hilo lilionekana wazi huko Harrania, kijiji cha Misri kilicho karibu na mapiramidi ya Giza, ambako Ramses Wissa Wassef alianzisha kiwanda cha kufuma mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watoto wa kijiji walifundishwa matumizi ya kitanda, kisha wakakatazwa kufanya michoro ya kuiga. Picha za miti, wanyama na mto zilitoka moja kwa moja katika mshindio. Kiwanda hicho kilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo mwaka 1983. Vitanda vikubwa vya sufu vya Harrania ni vya kusimama wima, si vya makanyagio, lakini kanuni ni ileile: mtande ulifungwa na mafundisho ya mkono yalikuwa makali, na picha iliachwa huru.

Mwenye kuchunguza lugha atatambua hali hii. Msemaji naye hatazami maneno aliyokwisha kuyasema, yamepita. Lakini akianza sentensi kwa neno vitanda, ataendelea vile, vikubwa, vimevunjika, hata kama sentensi ni ndefu na hakuitunga kabla ya kufungua kinywa. Upatanisho wa maneno umekwisha kutandwa, na kwa sababu hiyo msemaji yuko huru kushughulikia anachotaka kusema.

Kufumua, na hukumu ya kosa

Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua: funga hutoa fungua, ziba hutoa zibua, na fuma hutoa fumua. Inafaa kuangalia kwamba kufumua hakuna maana ya kuharibu. Nguo iliyoraruliwa hairudi kuwa uzi. Nguo iliyofumuliwa hurudi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika juu ya nchi za Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walifuma nguo nyeupe za pamba yao wenyewe. Kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutilia uzi, walichukua nguo za Cambay, za buluu na za rangi nyingine, wakazifumua, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Mfumi wa Sofala hakuchagua rangi katika duka la rangi. Alipewa na nguo ya watu wengine kiasi na aina ya uzi, na kutokana na hicho ilimlazimu kupata nguo yake. Anayedhani kwamba kubuni kwa kilichopo ni jambo la kisasa na afikiri habari hiyo.

Kufumua katika kitanda kuna sheria kali: wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutoka. Mfumi akiona kosa alilolifanya mishindio thelathini iliyopita, hawezi kuliondoa peke yake. Lazima aondoe yote thelathini, mmoja mmoja, kwa kukanyaga kinyume. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfumi wa kielelezo huishi kwa methali hiyo: hutazama kila mshindio, hufumua mapema, husahihisha. Mfumi anayebuni ana njia ya pili. Aweza kulirudia kosa kwa makusudi mbele kidogo, kisha akalirudia mara ya tatu. Lililokuwa kosa lilipokuwa peke yake huwa pambo lipatapo mwenzake.

Hapa ndipo penye mabishano makubwa ya kazi hii. Misao Jo wa Osaka, Japani, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2018, alianza kufuma alipokuwa amepita umri wa miaka 50. Katika nguo yake mojawapo uzi mmoja wa mtande ulikosekana, na mstari ukatokea. Mwenye biashara ya nguo aliuhesabu mstari huo kuwa ni dosari. Misao Jo akauona uzuri wake. Kutokana na jambo hilo alianzisha mtindo wa kufuma uitwao Saori, ambao hauna kielelezo na hauhesabu dosari, kwa hoja kwamba mashine ndiyo iliyoumbwa kutokosea, na kwamba mtu hana sababu ya kushindana nayo katika hilo. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, na umewafaa pia watu wengi wenye ulemavu, ambao katika kufuma kwa kielelezo wangehesabiwa kuwa hawawezi.

Wapinzani husema kwamba pasipo na dosari hapana ustadi. Neno hilo lina uzito, lakini linapita mahali pasipo penyewe. Kitanda cha Saori kina fremu mbili tu, yaani mianya miwili. Na aghalabu mwanafunzi huletewa mtande ulioandaliwa tayari, wenye idadi, ukaribu na mkazo uliopimwa na mtu mwenye ujuzi. Uhuru mkubwa wa mshindio umewezekana kwa sababu sehemu iliyofungwa imefanywa rahisi na imara. Sheria haikufutwa, imehamishwa kutoka kwa mwanafunzi, imewekwa kwa mwandaaji wa mtande. Kwa hiyo swali la haki la kumwuliza mfumi yeyote si kama anafuata sheria au hafuati. Swali ni hili: ni nani aliyeutanda mtande wake, na je, yeye mwenyewe aweza kuutanda?

Swali hilo laifaa lugha pia. Msemaji mmoja akikosa mara moja, wenzake humsahihisha. Wasemaji wengi wakilirudia kosa hilo kwa muda mrefu, wanaandika kamusi hulipokea. Lakini hawalipokei kila kosa. Hulipokea lile lililopata mahali pa kushikwa katika mtande wa lugha, yaani katika ngeli zake, mnyambuliko wake na silabi zake. Merikani lilikuwa neno la kigeni. Likapata mahali, likawa la Kiswahili. Mengine mengi ya zama zilezile yaliruka nyuzi nyingi bila kushikwa, yakakwama, yakakatika.

Haja ya maneno haya leo

Watunzi wa mashairi hawatashangazwa na maelezo haya. Mwenye kujibizana hadharani kwa shairi la mizani 16 hana muda wa kuandika na kufuta. Vina na mizani vimekwisha kufungwa kabla hajasimama, naye hutafuta maneno papo hapo mbele ya wasikilizaji wanaohesabu. Hakuna Mswahili aliyewahi kudhani kwamba mtunzi huyo hana sheria, wala kwamba sheria zake zimemnyima uhuru. Elimu hiyo ya ushairi ndiyo iliyo katika kitanda cha mfumi, na imewekwa katika maneno mawili.

Kwa sababu hiyo kuyaacha maneno hayo ni hasara kubwa kuliko kupungua kwa idadi ya maneno. Vyuo vya ufundi na vikundi vya kazi za mikono vinavyofundisha kufuma kwa makanyagio vinahitaji maneno ya kila siku, na mwalimu asiye nayo huazima ya lugha nyingine au husema uzi huu na uzi ule. Lakini mtande, mshindio, mwanya, kitanzi, kanyagio na chanuo ni maneno ambayo mwanafunzi ama anayajua tayari kwa maana nyingine iliyo karibu, ama aweza kuyaelewa mara moja kwa kitenzi chake. Tena yanafundisha wakati yanapotajwa. Anayesema uzi huu na uzi ule hajasema lolote juu ya kazi ya nyuzi hizo. Anayesema mtande amekwisha kusema kwamba pana kitu cha kutanda kwanza, kwa uangalifu na kwa mkazo ulio sawa. Na anayesema mshindio amekwisha kumwonyesha mwanafunzi mahali uhuru wake unapoanzia. Watunga vitabu vya mafunzo na wafasiri wana wajibu wa kuyatoa maneno haya katika kamusi na kuyarudisha kwenye vitanda, maadamu vitanda vyenyewe vimeanza kurudi.